Maneno ya Flavia Nayamalizia Mimi

Jumamosi, 8 Machi

Huyu msichana wa ziwani amekuja tena. Mara ya nne wiki hii. Amekaa kwenye kigoda changu jikoni, kigoda ambacho hata padre hajakikalia, akamenya viazi vyangu bila kuombwa. Jina lake Eunice. Kwao Liuli, wavuvi, Waanglikana. Hapa Matiri anakaa kwa mama yake mdogo, Mama Meshack, mwalimu wa shule ya msingi. Yuko kidato cha pili pamoja na mjukuu wangu Flavia. Haya, wasome. Nani kawaambia wasomee jikoni kwangu?

Kilichoniudhi ni hiki. Flavia ana kigugumizi tangu alipoanza kusema. Mama yake alimwacha kwangu akiwa na miaka mitatu, akaenda kuolewa Makambako, nikabaki na mtoto na kigugumizi chake. Miaka kumi na mbili sasa maneno yake nayamalizia mimi. Dukani, zahanati, kwa walimu. Hata kwenye kitubio nilijaribu, padre akanifukuza. Leo Flavia akaanza kuniambia kitu, "Bibi, su-su-su," na yule Eunice yuko pale pale, mzima, mdomo anao, anamwangalia tu mwenzake anavyohangaika. Hakumsaidia hata silabi moja. Nikasema mimi: sukari, sukari imekwisha, najua. Eunice akaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba Flavia alikuwa anakaribia kufika.

Anakaribia. Nimemlea mimi, halafu ananieleza yeye alipofika.

Na haikuwa sukari. Ilikuwa sufuria, inaungua. Lakini hilo si hoja.

Nimeamua. Hawa wawili watatengana kabla ya Pasaka. Naandika hapa, kwenye daftari la Hisabati ambalo Flavia ameacha kurasa nyingi wazi, ili mipango isinipotee. Shule niliishia darasa la nne, lakini mipango sihitaji kufundishwa.

Jumanne, 11 Machi

Mpango wa kwanza: ngolo. Vibarua walishafyeka majani kule mteremkoni na kuyapanga miraba. Kazi iliyobaki ni yetu wanawake: kuchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani, mpaka mlima mzima unakuwa mashimo na matuta. Maharage juu ya matuta, maji ndani ya mashimo. Nikamwambia Flavia kila siku akitoka shule ni shambani. Nilijua yule mwenzake amezoea mchanga na mihogo. Jembe la mteremkoni litamfukuza kwa siku moja.

Amekuja na jembe la kuazima. Malengelenge kiganja kizima, hajalalamika. Nikaona anakosea. Anafunika majani yanayokatiza mteremko tu, yale yanayoshuka anayaruka. Safu tatu nzima. Hapo huna shimo, una mfereji. Ningeweza kumwambia. Sikumwambia. Nilitaka akina mama wa jirani wapite, waone, wacheke, naye aibu imrudishe kwao. Flavia alikuwa huko juu, hakuona.

Wakati wa kupumzika nikasikia sauti. Flavia amesimama ndani ya shimo la juu, ameshika Biblia yangu, anasoma kwa nguvu. Eunice amekaa kwenye shimo la mwisho kabisa, huko chini. Walikuwa wamekubaliana kwamba kila shimo ni muumini mmoja. Neno likikwama, mashimo yote yanangoja. Hakuna anayesaidia. Nilihesabu: neno moja, pumzi sita.

Nikawaita warudi kwenye majembe. Sauti inafika mbali mteremkoni, na watu wana masikio.

Ijumaa, 14 Machi

Jana mvua, tena kubwa. Zile safu tatu zimepitisha maji kama bomba, na safu tano za chini yake zimekwenda nazo. Mbegu zangu ziko mtoni. Majirani wamepita, na wamecheka kweli, ila wamenicheka mimi. Wameniuliza, Bibi Serafina, siku hizi unachimba ngolo za nchi gani? Eunice amekuja analia, ameomba radhi, amesema Flavia amemwonyesha kosa na atazirudia safu zote nane. Nikamjibu kwamba ndivyo inavyokuwa mtu asipojua.

Halafu baada ya Njia ya Msalaba katekista Eusebius ananifuata kunipongeza. Kwa lipi? Kwamba Flavia atasoma somo la kwanza Jumapili ya vijana, tarehe sita Aprili. Amenyoosha mkono mwenyewe, mbele ya vijana wote wa kigango, kanisa letu dogo la hapa.

Niandike hapa jambo ambalo sijamwambia mtu. Flavia alipokuwa darasa la tatu walimpanga akariri shairi mbele ya wazazi. Neno la kwanza likakwama. Watoto wakaanza kucheka, na wazazi wakafuata. Mtoto wangu akajikojolea pale pale mbele. Nilimbeba mgongoni, miaka tisa, miguu inaburuta, nikapita naye kwenye migomba tusionwe. Siku ile niliapa kwamba hakuna mtu atakayeungojea mdomo wake tena. Nitafika mimi kabla yao.

Nimemwambia Eusebius alifute lile jina. Amekataa. Amesema Flavia aliliandika mwenyewe, atalifuta mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Mpango wa pili: rafiki mwingine. Nimemwalika chakula Restituta, binti wa mwisho wa katekista. Mkatoliki, ana afya, anasema kama redio. Nikafikiri, akiwa na huyu Flavia hatahitaji kufungua mdomo.

Restituta amesema kuanzia saa saba mpaka saa kumi. Amesema huku anakula, na amekula sahani tatu. Mimi mwenyewe sikupata nafasi, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba hii. Nikianza kueleza kitu, ananimalizia, tena vibaya. Tabia mbaya sana ile. Sijui kaitoa wapi.

Flavia aliosha vyombo, akavipanga, akaviosha tena.

Wakati wa kuaga Restituta akasema amefurahi sana, ila Flavia hana maneno. Akaomba siku nyingine Eunice naye aitwe.

Jumatano, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Kutoka ibadani nimepitia kwa Mama Meshack. Nikamwambia, mwalimu, watoto wa kike siku hizi, njia panda, bodaboda, uangalie. Sikusema nimeona. Nilisema nimesikia Eunice anatajwa. Na kweli hupita njia panda, shule si iko upande ule? Nilitaka tu amfungie ndani jioni.

Mama Meshack akaiweka kalamu chini. Kumbe mwaka juzi alikaa na binti wa kaka yake, na yule binti aliacha shule kwa mambo hayo hayo, na ukoo mzima ukamlaumu yeye. Hakuniuliza swali hata moja. Akasema Jumamosi anamrudisha mtoto kwa baba yake.

Nilikunywa chai yake. Ilikuwa ya moto, sikuisikia. Nilitaka kumwambia ngoja kidogo, mwalimu. Lakini mtu mzima kurudisha maneno si kazi nyepesi, na nilishakwisha kuaga.

Jumamosi, 22 Machi

Amekwenda. Flavia alimbebea begi mpaka barabarani. Nikafuata nyuma, kuhakikisha.

Nilitegemea anitukane. Amepiga goti kwenye tope, shikamoo Bibi, ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili yenye sugu za jembe langu. Safu zote nane amezirudia. Sikumwona alipozimaliza.

"Bibi," akasema, "Flavia anajua kusema. Mngoje tu."

Mtoto anafukuzwa, hajui amesemwa na nani, na neno la mwisho analoacha ni la kumtetea mwenzake. Jeuri gani ile. Gari likaondoka.

Flavia alisimama hadi lilipopotea kwenye kona, kisha akaendelea kusimama.

Alhamisi, 27 Machi

Siku ya tano. Flavia hajasema neno. Usidhani limekwama. Halianzi kabisa. Kazi anafanya zote, maji, kuni, nguruwe. Asubuhi anapiga goti, midomo imefungwa, nami naitikia marahaba kwa shikamoo ambayo sijaisikia.

Nimemkaangia chapati, katikati ya Kwaresima, Mungu anisamehe. Amekula moja akainuka. Siku hizi nauliza mimi na kujibu mimi. Umeshiba? Nimeshiba Bibi. Shule ilikuwaje? Nzuri Bibi. Mazungumzo yanakwenda yamenyooka, hayajawahi kunyooka hivi tangu mtoto huyu aje kwangu. Siyataki.

Eusebius ameniambia Flavia amekwenda kulifuta jina lake kwenye orodha ya wasomaji. Kwa hiyo nimeshinda. Kila nilichokipanga kimekuwa.

Mchana nikaenda kuangalia maharage. Yameota vizuri, na zaidi kwenye zile safu nane. Mashimo yako kimya. Nikaingia kwenye lile la mwisho, la Eunice, nikakaa. Kutoka pale unaliona shimo la juu vizuri kabisa. Halikuwa na mtu. Nilikaa mpaka jirani mmoja akapita akauliza kama nimeanguka. Nikamwambia nakagua unyevu.

Jumatatu, 31 Machi

Leo Idi, na shule zimefungwa. Nimeamka Flavia hayupo. Kitandani kuna karatasi: "Bibi, nimekwenda Liuli kwa akina Eunice. Nitarudi Alhamisi. Usiogope."

Kwenye maandishi hana kigugumizi hata kidogo. Sikuwahi kuliona hilo.

Nikafunga mlango, nikamwachia jirani nguruwe, nikapanda gari la kwenda Mbinga, na pale Mbinga basi la Mbamba Bay. Njia nzima nilimwuliza kila abiria kama amemwona msichana mwembamba wa sketi ya bluu. Mama mmoja akasema ndiyo, alisafiri naye alfajiri mpaka Mbinga. Amemwona pale stendi anauliza gari mwenyewe. Kondakta alitaka kumpandisha la Songea, na binti akamkatalia, akarudia kumweleza mpaka akaelewa. Nikamwambia huyo siye wangu. Wangu hawezi.

Ndiye.

Nalala kwa masista wa Mbamba Bay. Kesho naendelea. Mama yake naye aliondoka akaacha karatasi vilevile, ameandika atarudi.

Jumanne, 1 Aprili, Liuli

Bodaboda aliyenileta ni mzee mwenye mvi, mjumbe wa kanisa lao. Amekwenda polepole kwa sababu niliogopa, na kwenye kila daraja amesimama nishuke nipite kwa miguu. Sikumweleza niliyoyasema juu ya wenzake.

Niliisikia sauti kabla ya kuwaona. Wanawake kumi hivi walikuwa wanaanika dagaa kwenye vichanja kando ya ziwa, na Flavia yuko katikati yao, mikono imejaa dagaa, anasimulia. Nikajibanza nyuma ya mitumbwi. Alikuwa anasimulia mvua ilivyozoa mbegu zetu. Neno linakwama, wanawake wanaendelea kuanika, wanangoja. Likitoka wanaitikia ehee, halafu? Alipofika mahali pa kuchekesha wakacheka. Walicheka pale pale panapochekesha. Kumbe hadithi yenyewe ilinihusu mimi, na uso wangu siku ile nilipoulizwa ngolo za nchi gani.

Miaka kumi na mbili ndani ya nyumba moja, na sikujua kama mtoto huyu ana vichekesho.

Wakanikaribisha kwa Dunstan, babake Eunice. Mtu mpole, mikono kama makasia. Akanipa kiti chenye mgongo. Mkewe akaleta ugali na samaki mzima, mbasa wa ziwani. Nilipokwisha kunawa akaniuliza, taratibu, kama mimi natoka kule najua ni nani aliyesema yale maneno juu ya binti yake. Nikasema watu. Akauliza watu gani, maana mtoto amekatishwa shule, na angependa kujua.

Flavia akafungua mdomo.

"Ni b-b-b-"

"Ni bodaboda wenyewe," nikamalizia. "Walijisifu."

Flavia akanitazama. Akangoja ninyamaze. Kisha akaanza upya, na hapakuwa na mtu wa kumsaidia wala wa kumzuia.

"Ni b-b-bibi yangu."

Alijua. Tangu ile Jumatano alijua. Nilipishana na Restituta mlangoni kwa Mama Meshack, kumbe alisikia yote, na Restituta hajawahi kunyamaza.

Dunstan hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Eunice aliangalia chini, kama yeye ndiye mwenye kosa. Nikasema labda nilisikia vibaya. Flavia akatikisa kichwa. Nikataka kusema lile lenyewe, likanikwama. Kweli, hapa kooni, kama mfupa. Nikajaribu mara ya pili. Wote wakangoja, Dunstan, mkewe, wasichana wale wawili, hata watoto mlangoni, na hakuna aliyenimalizia.

"Nilitunga," nikasema.

Dunstan akainama, akanisogezea samaki karibu.

Alhamisi, 3 Aprili

Tumerudi watatu. Kwenye basi wamekaa pamoja, mimi kiti cha nyuma yao. Nimekwenda kwa Mama Meshack kabla ya kufika nyumbani, nikiwa bado na vumbi. Nimemwambia nilitunga. Mara ya pili halikukwama sana. Amelia kwanza, kisha ameniambia maneno ambayo siyaandiki hapa, na yote ni kweli. Mlango ameufunga mimi bado niko kizingitini. Lakini Eunice yuko ndani, shule zikifunguliwa atasoma.

Flavia amekwenda kwa Eusebius na kuliandika jina lake upya. Nilimwambia, mama, si lazima, watu watatuelewa. Akasema, akachukua muda wake wote, kwamba siku ile ya shairi alitaka kuendelea. Kicheko kilikuwa kinakwisha. Ni mimi niliyemnyanyua.

Nimekaa na hilo jioni nzima. Miguu yake ilikuwa inaburuta, nakumbuka vizuri. Sikujiuliza kama alikuwa anajikaza abaki.

Jumapili, 6 Aprili

Siku yenyewe. Kigango kimejaa mpaka nje. Eunice amekuja, amekaa benchi la mwisho. Mama Meshack naye, hakunitazama. Mimi niko benchi la tano upande wa akina mama, rozari mkononi, nimeahidi mbele ya Mungu kunyamaza.

Flavia amepanda mimbarini na gauni lake la kijani. Amefungua kitabu, ametulia. Mstari wa kwanza umepita na kukwama kidogo mara mbili. Wa pili vizuri. Kwenye wa tatu neno likashikwa. Kanisa kimya. Nikahesabu pumzi. Mbili. Tatu. Mtoto akalia nje akanyamazishwa. Nne. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyegeuka. Wote wanangoja tu, kama wale wa kwenye vichanja. Tano. Nilimwona Flavia, uso wake, hana hofu hata chembe.

Lakini mimi ni bibi yake.

Nikasimama nikalitoa lile neno. Kwa sauti, lifike vizuri mbele.

Vichwa vyote vikanigeukia. Flavia akainua macho. Akaninyooshea kiganja cha mkono, hivi, kimesimama, akakiacha hapo hewani, huku mdomo wake bado uko kwenye lile lile neno, mpaka akalitoa yeye mwenyewe. Kisha akaushusha mkono na kuendelea hadi mwisho. Neno la Bwana, akasema, na likanyooka. Kigango kizima kikaitikia Tumshukuru Mungu kwa nguvu ambayo sijaisikia tangu Noeli. Eusebius alikuwa anafuta macho kwa kanzu. Mama Meshack pia.

Nimeelewa vizuri. Alikuwa amezimika kama gari, nikamsukuma kidogo, akawaka. Na ana adabu yule mtoto, pamoja na kusoma kwake hakusahau kunipungia mkono mbele ya watu wote.

Wamerudi nyumbani yeye na Eunice, wako nyuma yangu hatua ishirini, hawakutaka niwangoje. Flavia alikuwa anasimulia jambo refu, sijui lipi. Lilikwama, likaendelea, likakwama. Nilikuwa nalijua neno lenyewe, nikageuka niwasaidie, nao wakasimama mpaka nilipoendelea na safari.

Eusebius amempanga tena siku ya Pasaka. Nimeshamwambia aniwekee nafasi benchi la mbele kabisa, nisilazimike kupaza sauti.